Fumbo la Maneno: Je, ni Kupoteza Wakati?



Ndugu wapendwa, Jumanne ya juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, niliketi barazani pa nyumba ya mapadre nikiwa na kikombe cha chai, penseli, na gazeti lililokunjwa kwenye ukurasa wa fumbo la maneno. Ni desturi yangu ya miaka mingi. Kabla ofisi haijafunguliwa na simu hazijaanza kulia, hujipa dakika ishirini za kujaza visanduku. Siku hiyo nilikuwa nimekwama. Neno moja la mlalo lilikuwa na herufi nne, na dokezo lake lilisema: "Sarafu ya Mjerumani iliyobaki mifukoni mwetu." Maneno ya wima yalikuwa yamekwisha kunipa herufi tatu za mwanzo: H, I, L. Nikajaribu HILA. Lakini ni nani aliyewahi kusikia sarafu iitwayo hila?

Mzee mmoja wa jumuiya zetu ndogondogo, aliyekuja kuandikisha nia ya Misa kwa ajili ya marehemu mkewe, alisimama nyuma yangu akatazama. "Baba Paroko," akasema kwa upole, "uniwie radhi. Kumbe hata wewe unacheza mchezo huu? Mjukuu wangu namkataza kila siku. Namwambia ni kupoteza wakati."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu neno lake lilikuwa la haki. Wakati wa padre si mali yake peke yake. Nakiri kwamba siku moja nilimwacha mtu akingoja mlangoni ili nimalizie neno moja, na hilo lilikuwa kosa langu. Basi nilimkaribisha mzee wangu chai, na wakati tukimngoja karani nikamsimulia historia ya visanduku hivi. Nawaandikia nanyi simulizi hilo, maana swali la mzee ni la zamani, na liliwahi kuulizwa na watu wakubwa.

Kufumba na kufumbua maneno si jambo geni kwetu. Sote tumekaa jioni kwa bibi zetu, mmoja akisema "Kitendawili!", wengine wakiitika "Tega!" Aliyeshindwa alidaiwa mji, akautoa, ndipo akapewa jibu. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na mtoto aliyelijua hilo jana humtegea mwenzake leo. Katika kitendawili, hata hivyo, kila swali husimama peke yake. Ukishindwa moja, la pili haliwezi kukusaidia. Fumbo la visanduku lina jambo la ziada: maneno hukatana, na herufi moja hutumika katika maneno mawili kwa wakati mmoja.

Kukatana huko nako kuna umri mkubwa. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79 baada ya Kristo, wachimbaji walikuta mraba wa herufi 25 uliochorwa ukutani. Una maneno matano ya Kilatini: ROTAS, OPERA, TENET, AREPO, SATOR. Ukiyasoma kwa mlalo au kwa wima, kuanzia juu au kuanzia chini, maneno ni yaleyale matano. Mwaka 1926 ilionyeshwa kwamba herufi hizo 25 zaweza kupangwa upya katika umbo la msalaba, zikatoa mara mbili maneno PATER NOSTER, yaani Baba Yetu, yakikatana kwenye herufi N, na kubakiza A mbili na O mbili. Wataalamu hawajakubaliana kama aliyeutunga mraba huo alikuwa Mkristo. Hata hivyo, hakuna anayebisha kwamba alikuwa mtu aliyependa sana maneno.

Hata Maandiko Matakatifu hayakudharau ufundi wa namna hii. Zaburi ya 119, ile ndefu kuliko zote, ina aya 176, nazo zimegawanywa katika mafungu 22 ya aya nane nane, kwa idadi ya herufi za Kiebrania. Aya zote nane za fungu moja huanza na herufi ileile. Sisi tunaoisoma kwa Kiswahili hatuoni mpangilio huo, lakini aliyeitunga alihesabu herufi zake kwa subira kubwa.

Fumbo kama tulijualo leo lilizaliwa Jumapili tarehe 21 Desemba 1913, mjini New York. Arthur Wynne, Mwingereza aliyezaliwa Liverpool mwaka 1871, alikuwa mhariri wa kurasa za burudani katika gazeti la New York World. Noeli ilikuwa imekaribia naye alitaka kitu kipya. Akachora umbo la almasi lenye visanduku, akaacha uwazi katikati, akaandika madokezo, na kuliita kwa Kiingereza "Word-Cross". Majuma machache baadaye wapanga chapa walikosea, wakaligeuza jina likawa "Cross-Word", na kosa hilo ndilo linalotumika ulimwenguni hadi leo. Tangu siku hiyo ya kwanza msomaji alitakiwa kujua mambo madogo ya pembeni. Aliulizwa mto wa Urusi, naye alipaswa kuandika NEVA, mto unaopita Saint Petersburg. Aliulizwa hata jina la nyuzi za mti fulani wa Asia wa jamii ya mnazi. Sidhani kama wengi wa New York walikuwa wamewahi kuuona mti huo.

Kwa miaka kumi hivi mchezo ulibaki wa gazeti hilo na wasomaji wake. Kisha ukaja mwaka 1924. Vijana wawili, Richard Simon na Max Schuster, walikuwa wanaanzisha kampuni ya vitabu wakiwa hawana kitabu cha kuchapa. Shangazi yake Simon akauliza kama kuna kitabu cha mafumbo hayo anachoweza kununua. Hakikuwapo. Vijana wakakitengeneza, wakachapa nakala 3,600, na kila nakala ikafungiwa penseli. Kwa kuogopa aibu hawakuweka jina la kampuni yao juu yake. Hofu haikuwa na sababu: kitabu kilinunuliwa kwa fujo, vingine vikafuata mwaka huohuo, na Marekani nzima ikashikwa na homa ya visanduku. Shirika la reli la Baltimore and Ohio liliweka kamusi ndani ya mabehewa kwa ajili ya abiria. Mjini Pittsburgh mchungaji mmoja wa Kibaptisti aliwaandalia waumini fumbo wafumbue kwanza, ndipo awahubirie juu ya majibu yake.

Ndipo swali la mzee wetu lilipoulizwa kwa sauti kubwa. Mwezi Novemba 1924 gazeti la New York Times liliandika tahariri kali likiuita mchezo huo upotevu wa wakati ulio dhambi, namna ya wazimu ambayo ingepita upesi. Mwezi uliofuata The Times la London likaandika kwamba Marekani imekuwa mtumwa wa mafumbo. Wakati huo wasomaji wa London walidhani ugonjwa uko ng'ambo ya bahari. Lakini tarehe 30 Julai 1925 Daily Telegraph lilianza kuchapa fumbo lake, na tarehe 1 Februari 1930 The Times lenyewe likafuata.

Wapendwa, katikati ya kelele hizo mwanamke mmoja alifanya kazi ya kimya iliyolipa fumbo heshima yake. Ni Margaret Petherbridge, aliyejulikana baadaye kama Margaret Farrar. Aliajiriwa katika New York World mwaka 1921, na kuchagua mafumbo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliyachapa bila kuyajaribu, huku barua za malalamiko zikimiminika. Siku moja alijaribu kulifumbua moja yeye mwenyewe, akaona makosa yaliyokuwa yakiwatesa wasomaji, akaona haya. Akaweka mkono juu ya kamusi akaapa kwamba halitatoka tena fumbo ambalo halijakaguliwa. Kwa uongozi wake kanuni zikathibitika: mpangilio wa visanduku ulingane pande zote, visanduku vyeusi visizidi kiasi, na kila herufi iwe katika maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima.

Naomba mtulie kidogo kwenye kanuni hiyo ya mwisho, kwa maana ndiyo siri ya mchezo mzima. Mtunzi akiuliza jambo usilolijua kabisa, hajakufungia mlango. Majirani wa neno hilo, yale maneno unayoyajua, watakuletea herufi zake moja moja mpaka neno geni lisimame mbele yako. Huo ndio uaminifu wa mtunzi mwema. Anaficha, lakini anaacha njia, kwa kuwa shabaha yake ni kuona jibu limepatikana. Kwetu sisi Waswahili kuna msaada mwingine ambao Mwingereza hana. Karibu kila neno letu huishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho mara nyingi hakiwezi kuwa na herufi nyingine ila A, E, I, O au U. Mwingereza yeye huzitafuta irabu kwa tochi, ndiyo maana mafumbo yake yamejaa ETNA, mlima wa moto wa Sicilia, na AIDA, opera ya Verdi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Kairo tarehe 24 Desemba 1871.

Mambo madogo ya namna hiyo, majina ya mito, milima na opera, Waingereza huyaita "trivia", na hulitamka neno hilo kwa dharau kidogo. Tuliosoma Kilatini seminarini hatuna budi kulitetea. Trivium ni mahali njia tatu zinapokutana, nalo lilikuwa jina la masomo matatu ya msingi katika shule za Enzi za Kati: sarufi, mantiki na balagha. Aliyeyaruka hakuweza kuendelea mbele. Kwenye njia panda watu hukutana wakapashana habari ndogondogo, na katika fumbo maneno hukutana hivyo hivyo. Mtu akijua jina la mlima wa Sicilia asubuhi, hatapandishwa cheo kazini mchana. Lakini jina hilo dogo laweza kumfungulia neno kubwa lililokuwa limemshinda.

Vita Kuu ya Pili ilionyesha jambo hilo kwa namna ambayo wahariri wa mwaka 1924 wasingeiota. Mwezi Januari 1942 Daily Telegraph, baada ya kuambiwa kwamba mafumbo yake ni mepesi mno, liliwaita wasomaji katika ofisi zake mtaani Fleet Street wajaribu kulimaliza moja kwa dakika 12. Wachache waliweza. Wakati fulani baadaye baadhi ya walioshiriki walipata barua kutoka Wizara ya Vita, wakajikuta wakipelekwa Bletchley Park, mahali pa siri ambako Waingereza walikuwa wakifumbua ujumbe wa adui.

Mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo alikuwa Dillwyn Knox, mtoto wa askofu wa Kianglikana. Jina la ukoo huo si geni kwa mapadre, kwani mdogo wake ni Ronald Knox, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1917, akapewa upadre mwaka 1919, na baadaye akaitafsiri Biblia ya Kilatini kwa Kiingereza peke yake. Padre Knox naye alipenda michezo ya maneno kiasi kwamba mwaka 1924 alitoa kitabu kizima cha mafumbo ya herufi. Katika kikosi cha Dillwyn alikuwamo Mavis Lever, aliyejiunga akiwa na umri wa miaka 19. Siku moja aliutazama ujumbe mrefu wa Waitaliano ulioandikwa kwa mashine ya siri, akaona kwamba haukuwa na herufi L hata moja. Alijua kuwa mashine ile haikuweza kamwe kuiandika herufi kama ilivyo. Ukibonyeza A, itatoka herufi yoyote ila A. Akang'amua: yule mpeleka habari alikuwa ametuma ujumbe wa uongo kwa kubonyeza L tupu kwa uvivu. Kutokana na uvivu wa mtu mmoja wakapata njia ya kuujua mpangilio wa mashine. Kazi ya kikosi hicho ilisaidia ushindi wa Waingereza baharini karibu na rasi ya Matapan, Ugiriki, mwishoni mwa Machi 1941.

Si kila kisa kilikuwa cha heri. Mwezi Mei 1944, majuma machache kabla ya majeshi kushuka pwani ya Normandy, majibu katika mafumbo ya Daily Telegraph yalianza kuwatia hofu wakuu wa usalama. Lilitokea UTAH, likafuata OMAHA, halafu OVERLORD, MULBERRY na NEPTUNE. Yote yalikuwa majina ya siri ya mpango uleule. Maofisa wakamwendea mtunzi, Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa imehamishiwa mashambani, wakamhoji, wasione hatia ndani yake. Miaka 40 baadaye, mwaka 1984, mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake, Ronald French, alieleza kwamba Dawe alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana visanduku vitupu wavijaze maneno, na kwamba yeye aliyasikia majina hayo kwa askari waliopiga kambi jirani. Mwalimu hakujua alichokichapa.

Na New York Times, lile gazeti la tahariri kali? Baada ya shambulio la Pearl Harbor la Desemba 1941 wahariri wake waliona kwamba wasomaji watakuwa na saa nyingi za giza na habari nyingi za huzuni, watahitaji kitu cha kuwatuliza. Tarehe 15 Februari 1942 fumbo la kwanza likatokea katika toleo la Jumapili, na mhariri wake akawa Margaret Farrar. Tangu Septemba 1950 limechapwa kila siku. Upotevu wa wakati ulio dhambi uligeuka kuwa faraja, na waliougeuza ni walewale walioulaani.

Kisa cha mwisho nilichomsimulia mzee ndicho kilichomfanya aweke kikombe chini. John Graham alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana nchini Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1921. Tangu mwaka 1958 alitunga mafumbo katika gazeti la Guardian, na wasomaji walimjua kwa jina la Araucaria, ambalo ni jina la Kilatini la mti. Ndoa yake ilipovunjika alipoteza nafasi yake ya utumishi, na mafumbo yakawa riziki yake. Kwa miongo mingi watu ambao hawakuwahi kumwona uso walikutana naye asubuhi, penseli mkononi, wakimkasirikia na kumcheka kama ndugu wa nyumbani. Mwezi Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, aliweka juu ya fumbo lake maelezo mafupi kwamba Araucaria anayo namba 18 ya namba 19, nayo inatibiwa kwa namba 13 na 15. Wasomaji wakaanza kujaza kama kawaida yao. Herufi kwa herufi likatokea neno saratani, kisha umio, kisha maneno yenye maana ya matibabu ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Aliwaaga kwa lugha waliyoizoea kati yao, na kila mmoja alizipata habari hizo kwa mkono wake mwenyewe, polepole, kwa msaada wa maneno ya jirani. Barua zilimjia kwa wingi. Alifariki dunia tarehe 26 Novemba 2013.

Mzee alikaa kimya. Nafikiri alikuwa akimkumbuka mkewe. Kisha akavuta gazeti karibu na macho yake, akauliza, "Na hapa umekwama wapi, Baba?" Nikamwonyesha ile sarafu ya Mjerumani. Hakufikiri hata nukta moja. "Hiyo si hela? Babu yangu alituhadithia sana habari za rupia na heleri."

Ni kweli. Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki uliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, ukaleta heller 100 kwa rupia moja. Wajerumani walikwenda zao, sarafu zikaisha, lakini jina limebaki vinywani mwetu kila tunapokwenda sokoni. Nilikuwa nalitamka kila siku, nisikumbuke lilikotoka.

"Lakini mbona umeandika I?" akauliza. Nikatazama neno la wima lililolikata. Dokezo lilikuwa "Hutoka usiku", nami bila kusita nilikuwa nimeandika MWIZI. Nikafuta I, nikaweka E, na yule mwizi akawa MWEZI. Mzee alicheka mpaka karani akachungulia dirishani.

Basi, ndugu zangu, nimjibu nini? Sitasema kwamba fumbo haliwezi kumla mtu wakati wake. Laweza, nami nimekwisha kukiri. Mtu akimfungia mwenzake mlango ili amalizie neno, amepoteza zaidi ya wakati. Lakini asubuhi ile nilijaribu peke yangu kwa dakika ishirini nikashindwa, na mzee aliyekuja kunikemea ndiye aliyekuwa na herufi niliyoikosa. Tuliandika nia ya Misa ya mkewe, akaenda zake. Jumapili, nje ya kanisa, alinishika mkono akanong'ona kwamba mjukuu hakatazwi tena, ila sharti wakae wawili mezani, kijana asome madokezo na babu ajibu ya zamani.

Nawatakia juma jema. Atakayekwama asiufiche ukurasa wake. Amwulize aliye jirani.